Meno Ndani ya Gunia

Rafiki, nikuulize kitu. Mnyama akigonganisha meno, ni baridi au ni hasira?

Swali lenyewe ni la mtoto wa darasa la tatu, lakini lilininyima usingizi siku tatu mfululizo hapa Ruiru, katika chumba changu kimoja, mimi mwenye shahada iliyopigwa muhuri na bado imelala kwenye bahasha chini ya godoro. Dada yangu alikuwa amesafiri kikazi kwa wiki mbili. Aliniachia binti yake wa miaka minane, begi la nguo, na katoni iliyotobolewa matundu. Ndani ya katoni mlikuwa na ginipigi wawili, wale wanyama wasio na mkia, wa ukubwa wa nusu mkate, ambao Watanzania huwaita simbilisi. Mmoja wa kijivu, mwingine mweusi. Walikuwa wamenunuliwa wiki hiyo hiyo, kutoka kwa watu wawili tofauti.

Niliwatenga kwa kipande cha ubao. Mpwa wangu akakasirika.

"Anko, mbona umewaweka jela?"

"Ngoja kwanza nifikirie."

"Wewe hufikiria sana. Hata mum alisema."

Julai ilikuwa imefika na baridi yake ya manyunyu yasiyokwisha. Kutoka nyuma ya ubao ikaja ile sauti: ke-ke-ke-ke, kavu, ya haraka, kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo. Nilikuwa sijaisikia tangu utotoni. Ikanirudisha Landless, mtaa wa Thika nilikokulia kwa nyanya yangu, Shosho.

Thika ya utoto wangu ilikuwa na harufu mbili. Upepo ukitoka upande mmoja ulileta mananasi yaliyokuwa yakipikwa kiwandani, ukawa unahisi kama hewa imetiwa sukari. Ukigeuka, ulileta ngozi mbichi zilizolowekwa, na hapo hata chai ilikuwa na ladha ya ng'ombe aliyekufa. Shosho alikuwa na ploti pale Landless: vyumba vinane vya mabati vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, mpera mmoja, na nyuma kabisa vizimba vya sungura vilivyosimama juu ya miguu ya mbao. Asubuhi king'ora cha kiwanda kililia, milango minane ikafunguka kwa pamoja, na majiko yakaanza kutoa moshi. Ukinipa leo moshi wa makaa mabichi na harufu ya githeri iliyolala, mahindi na maharagwe ya jana, nitakuonyesha kila mlango na aliyeishi ndani.

Nitakuonyesha na makovu pia. Watu walipigana sana kwenye ploti ile, kwa mambo ambayo jioni hakuna aliyeyakumbuka. Wanawake walipigana kwa ndoo pale mferejini, na mmoja akapasuliwa nyusi. Kaka wawili wa chumba cha nne walikimbizana na panga kuuzunguka mpera kwa ajili ya betri za redio, nasi watoto tukashangilia kana kwamba ni mpira. Shuleni mwalimu wetu alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia maji alichokiita "msaidizi wangu", na msaidizi alifanya kazi kuliko mwalimu mwenyewe. Nilikua nikijua kwamba ukitaka kujua nani anakupenda, uangalie ni nani anayekupiga halafu anakupa chakula.

Shosho alinipenda. Nilikuwa nimepewa jina la mume wake marehemu, kwa hiyo akaniita mzee wangu, na kunihudumia viazi vya kwanza kutoka kwenye sufuria. Mkono uleule ulikuwa unachinja sungura kila Krismasi. Alimshika miguu ya nyuma, kichwa kikaning'inia, akampiga nyuma ya masikio kwa mwiko mzito wa kupondea viazi vya mukimo. Mara moja. Macho ya sungura yalibaki wazi, pua ikaacha kucheza. "Ukipiga mara mbili," alikuwa akisema huku akifuta mwiko, "hiyo ya pili ni dhambi."

Ginipigi wa kwanza tuliachiwa na mama mmoja mpangaji aliyerudi kwao Magharibi. Kule kwao, alisema, hukimbia jikoni kati ya miguu ya watu. Alikuwa wa kahawia, dume, na alipiga filimbi kila aliposikia kisu kikikata sukuma wiki. Shosho hakumjua mnyama yule, kwa hiyo alimfanya sungura. Tulimlaza juu ya maganda makavu ya kahawa yaliyoletwa kwa gunia kutoka mashamba ya Ruiru, akawa anapiga chafya kutwa nzima kwa lile vumbi, hadi tukayaondoa akabaki juu ya waya mtupu wa kizimba. Tulimlisha maganda ya mananasi hadi pembe za mdomo zikachubuka na kutoka maji. Na Shosho alipomtoa, alimnyanyua kwa ngozi ya shingo, kisungura, miguu ikipiga hewa. Yule mnyama alilia kilio chembamba ambacho sungura hana. "Haiya, huyu ana kelele kama mtoto wa mjini," alisema Shosho, na kumpaka dawa ya zambarau mdomoni. Ile dawa ndiyo iliyokuwa hospitali yetu, kwa kuku, sungura na magoti yangu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikata nyasi kando ya reli kabla ya shule, na niliporudi nilimweka kifuani ndani ya sweta. Sikujua kwamba nilikuwa nimegundua peke yangu namna sahihi ya kumshika, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mwili wote ukiegemea mwili wako. Nilijua tu kwamba hivyo hakulia.

Chumba cha saba kilikaliwa na mlinzi wa kiwandani. Sote tulimwita soja. Alilinda usiku na kulala mchana, na alikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga aliyeitwa Popi, mwenye sikio moja lililochanika. Kila jioni soja alichukua rungu lake lililotundikwa mlangoni, na Popi akiliona tu alianza kutikisa mkia hadi kiuno kizima kikapinda, kwa sababu rungu lilimaanisha wanakwenda kazini pamoja. Walipita langoni kama marafiki wawili wanaokwenda kunywa chai.

Shosho hakumpenda Popi. Mwezi huo sungura wawili walikuwa wametolewa kizimbani na kutafunwa, na hakuna aliyejua ni mnyama gani.

Sasa sikiliza, rafiki, kwa sababu hapa ndipo nimekuwa nikizunguka kwa miaka kumi na sita.

Shosho alininunulia ginipigi wa pili sokoni, mweupe, ili wazaane. Muuzaji aliapa ni jike. Usiku wa kwanza tulimweka kwenye karai jikoni. Asubuhi ilikuwa Jumapili ya Julai, baridi ya kukata masikio, manyunyu yakigonga mabati. Nilimpeleka mweupe kwenye kizimba cha yule wa kahawia. Papo hapo wote wawili walivimba nywele, wakaanza kutembea polepole wakiyumbisha makalio, na meno yakaanza. Ke-ke-ke-ke. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka meno yakigongana. Nikasema maskini, wanahisi baridi kama mimi. Nikawasukuma pamoja kwenye kona, mwili kwa mwili, nikawafunika gunia, nikaingiza kingo zake chini ili upepo usipite. Kisha nikaenda kanisani nikijiona mchungaji mwema.

Niliporudi nilimkuta Popi amelala chini ya kizimba. Alikuwa na damu puani, na alikuwa akilamba ardhi.

Niliinua gunia. Yule wa kahawia alikuwa amekufa. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuliwa hadi puani. Sikio moja lilikuwa limebaki kipande. Mgongoni na makalioni kulikuwa na michano mifupi, myembamba, mingi, kana kwamba mtu alikaa pale na wembe akafanya kazi yake bila haraka. Mweupe alikuwa kwenye kona ya mbali, ameloa damu, na nilipomfuta kwa kitambaa sikuona kidonda. Nikasema basi, damu ni ya mwenzake.

Mlango wa kizimba? Nikikumbuka nikiwa nimetulia, ulikuwa umefungwa, na ni mimi niliyeondoa msumari wa kuufungia. Nikikumbuka nikiwa na hofu, ulikuwa wazi.

Shosho alikuja na nguo zake za kanisani, kitambaa kichwani, fimbo mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

Niliangalia fimbo. Nikasema neno moja: "Popi."

Alienda kugonga chumba cha saba kwa fimbo ileile. Soja alitoka na macho mekundu ya usingizi. Ploti nzima ilijaa. Wapangaji wakaanza kuamua kesi kabla hajavaa shati. Mbwa akionja damu ya mfugo, kesho ataonja ya mtoto. Na wale sungura je? Si tulisema? "Ama huyo mbwa afe, ama wewe na yeye mhame leo," alisema Shosho.

Soja alichuchumaa mbele yangu. Alinuka sigara na sabuni ya mche. Hakupaza sauti.

"Kijana, niangalie. Wewe ulimwona na macho yako?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha aliingia ndani na kutoka na kamba ya nailoni. Popi alifungwa kwenye mpera. Tukaambiwa sisi watoto twende nyuma, tukaenda nyuma, tukachungulia wote. Soja alirudi mlangoni pake, akalichukua rungu.

Popi alipoliona rungu alianza kutikisa mkia. Kiuno kizima kilipinda. Alidhani ni wakati wa kwenda kazini.

Pigo la kwanza lilimshukia begani, kwa sababu alikuwa anaruka kwa furaha. Kilio kile sitakieleza. La pili lilivunja kitu nilichokisikia hadi kwenye meno yangu mwenyewe. "Basi! Basi, Ngai, Mungu wangu!" Shosho alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni, lakini soja hakuweza kuachia hapo katikati, akapiga la tatu, na mkia ukaendelea kugonga shina la mpera, taratibu, taratibu, hadi ukaacha. Mapera mawili mabichi yalianguka. Soja alisimama akihema, damu kwenye suruali. Hakuna aliyeshangilia.

Jioni ile alikwenda kazini peke yake.

Yule mweupe aliishi siku nane. Leo hii naweza kuzihesabu dalili zote, maana nimezisoma kwenye simu hadi macho yakauma, lakini wakati ule niliziona na nisizione. Siku ya pili aliacha shina la sukuma. Siku ya tatu kinyesi chake kilipungua, kikawa kidogo kama mbegu za nyanya. Kidevu kililoa. Alikaa amejikunja, nywele zimesimama, macho nusu, mgongo kwetu. Nilidhani anaomboleza. Wanyama hawa huficha ugonjwa kama mtu mwenye deni la siri, na ukisubiri waonyeshe maumivu umechelewa tayari. Ilibidi mtu apitishe vidole chini ya nywele, taratibu, taya hadi kiunoni, akitafuta uvimbe. Hakuna aliyepitisha.

Siku ya nane Shosho alimnyanyua kwa ngozi ya shingo kama kawaida. Chini ya taya palipasuka. Usaha mzito ulimwagika hadi kwenye kiwiko chake, harufu ikaizidi ile ya kiwanda cha ngozi. Chini ya usaha kulikuwa na kidonda chembamba, kilichojifunga juu na kuoza ndani. Mnyama alikufa mikononi mwake.

"Na huyu aliumwa lini?" aliuliza.

Alilitazama jeraha. Akalitazama gunia. Akanitazama mimi. Kisha alichukua fimbo na kunichapa, miguu, mgongo, mikono niliyojikinga nayo, na hiyo ndiyo mara pekee maishani Shosho alinichapa bila kutaja kosa. Usiku alinipa viazi vya kwanza. Hatukuzungumza jambo lile tena mpaka alipokufa, na mwisho wa mwezi soja alihama na godoro lake kichwani. Tulisikia amekwenda Witeithie, upande wa Juja.

Hicho ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi. Ni Popi, au ni mimi? Nilijitetea kwa mengi: labda mlango ulikuwa wazi, labda mbwa aliwauma wote wawili, labda mtoto wa miaka tisa hahesabiki. Nikiacha upande mmoja wa hoja, nilishika mwingine, hadi ubao wa katoni ukawa mstari kati ya hoja zangu.

Siku ya nne asubuhi nilitoka kuchota maji. Niliporudi, ubao ulikuwa umetolewa na sweta yangu imefunikwa juu ya katoni. Mpwa wangu alikuwa amekaa kando na tabasamu la mtu aliyetenda wema.

"Wanaskia baridi, anko. Skiza meno."

Ndoo ilinitoka mkononi. Kabla sijafika, sweta iliinuka kama kitu kinachochemka. Niliitupa. Walikuwa wameshikana, kijivu na mweusi, wakizunguka kama tairi, manyoya yakiruka, sauti ikiwa ya misumeno midogo. Niliingiza mkono mtupu katikati, kosa ambalo kila mtu anaonywa, na meno yakapita kidoleni hadi mfupa. Nilimtenga mweusi kwa sahani. Mpwa wangu alikuwa anapiga mayowe. Damu yangu na yao ilichanganyika kwenye sakafu ya simenti.

Kisha nikaona. Mdomo wa yule kijivu ulikuwa umechanwa kuelekea puani. Makalioni kulikuwa na michano mifupi, myembamba. Kama wembe.

Tuliwapeleka agroveti, duka la dawa za mifugo karibu na stendi, kila mmoja kwenye boksi lake. Mama wa duka alimtoa kijivu kwa mikono miwili, akamkalisha kifuani pake, akapitisha vidole chini ya nywele bila haraka, akakata manyoya kuzunguka kila kidonda, akaosha, kisha akanifunga mimi kidole kwa bendeji.

"Madume wawili," alisema. "Meno yakigonga hivyo, hiyo ni vita inatangazwa. Baridi hawagongi. Angalia kila siku hapa chini ya taya, ukiona uvimbe au akikataa kula hata nusu siku, mlete. Na kila mtu na nyumba yake."

Nilimwuliza, nikijifanya nauliza tu, kama mbwa angeweza kufanya vidonda vya namna ile.

Alicheka. "Mbwa? Mbwa angekuachia nini cha kuleta hapa, kijana? Anakamata, anatikisa, anaenda nayo."

Sakafu ya vizimba vya Shosho ilikuwa ya waya, ili kinyesi kidondoke. Na damu pia ilidondoka. Popi alilala chini pale, akanusa, akalamba kilichomdondokea. Hakuwa na hatia nyingine.

"Anko, unalia kwa sababu ya kidole?" aliuliza mpwa wangu nje ya duka.

"Kuna mtu nataka kumwona," nikamwambia. "Twende kabla sijaanza kufikiria."

Landless ya leo ukienda hutaamini. Ploti ya Shosho ni ghorofa tano zenye vigae, mpera ulikatwa, na penye vizimba kuna maegesho. Waliobaki na kumbukumbu ya mahali pale tunaweza kukaa kwenye benchi moja. Mmoja wao alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha mboga cha bintiye huko Witeithie, miguu imevimba, anachambua maharagwe kwenye ungo. Niliulizia maduka matatu tu kabla ya kumpata. Nilitua maboksi chini, nikasalimu, nikajitambulisha kama mjukuu wa mwenye ploti.

"Haiya! Mzee wake shosho!" alisema, akacheka bila meno. "Umekuwa mrefu. Na huyu?"

"Mpwa wangu. Guka, nimekuja kwa sababu ya Popi," nilisema, nikimwita babu kama tunavyowaita wazee wote.

Vidole vyake viliacha kuchambua.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, gunia, kanisa, damu iliyopita kwenye waya, jipu la yule mweupe. Nilimwambia sikuona kitu siku ile. Niliogopa fimbo. "Popi hakuuma mtu wala mnyama, guka. Niliua mimi, na nikakufanya wewe umuue yeye."

Alisukuma ungo kando. Magari yalipita barabarani. Nilisubiri anitukane, anipige hata, mkongojo ulikuwa karibu naye na nilikuwa nimeamua sitaukwepa.

"Sijafuga mbwa tena," alisema hatimaye. "Watu waliniuliza kwa nini. Niliwaambia mbwa ni mnyama wa kukusaliti." Aligeuka kwa shida kuelekea kibandani, ambako bintiye alikuwa akipanga nyanya. "Huyu nilimwambia hivyo hivyo. Alimlea yule mbwa kule nyumbani, kabla sijamleta Landless, kutoka akiwa wa kushikwa na mkono mmoja."

Yule mwanamke alikuwa ameacha nyanya na kututazama.

"Sema tena," soja aliniambia. "Sauti, asikie. Na umtaje mbwa kwa jina."

Nilishika mkono wa mpwa wangu kwa mkono wenye bendeji, nikamgeukia yule mwanamke, nikasema tena, kwa sauti, kuanzia jina.